Saizi 29: Kisa cha Mwalimu Mmoja wa Dodoma na Baiskeli Yake Mpya

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mwalimu wa sekondari jijini Dodoma. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba asijulikane, kwa hiyo jina, shule, mtaa na duka nimeviacha, na tarehe nimezisogeza kidogo. Fedha na vipimo nimeviacha kama vilivyo, maana ni mtu wa daftari: kila shilingi iliyoingia kwenye baiskeli ile aliiandika. Humu tutamwita Madamu, kama wanafunzi wake na mafundi wote wanavyomwita.

Mimi si fundi wa kukaa kijiweni. Naendesha baiskeli, nina zana zangu nyumbani, na Jumamosi hutoka na wenzangu wachache kuelekea Hombolo au kuzunguka njia za nyuma ya Chuo Kikuu. Watu hunitafuta wakishanunua. Kabla ya kununua humtafuta muuza duka.

Niseme mapema kwamba katika kisa hiki nami nimo, na simo upande wa wajuaji.

Hali ilivyokuwa

Madamu ana miaka thelathini na kitu, urefu wa sentimita 158, uzito wa kilo 56. Kutoka kwake hadi shuleni ni kilomita 11 kuelekea mashariki: saba za lami, nne za vumbi. Katikati ya zile za vumbi kuna korongo la mchanga. Kiangazi unashuka na kusukuma. Kati ya Desemba na Aprili, mvua ikinyesha usiku, kuna asubuhi ambazo halivukiki kabisa.

Daladala zinaishia lami. Nauli ilikuwa shilingi 600, na kutoka kituoni bodaboda 2,000. Kwenda na kurudi 5,200. Kwa siku 22 za kazi, 114,400 kwa mwezi. Hesabu hiyo aliipiga mwenyewe nyuma ya daftari la maandalio ya somo, na ni hesabu safi: baiskeli ya laki saba kasoro ingejilipa ndani ya miezi sita. Alitaka pia Jumapili jioni apande nayo vilima vya karibu na kwao. "Nipumue kidogo, kaka. Wiki nzima niko na watoto wa watu."

Fedha zilitoka kwenye mchezo. Walimu saba, kila mmoja laki moja kwa mwezi, na Januari ilikuwa zamu yake: 700,000 mkononi kwa mkupuo. Hapo pa kuangalia. Kiasi cha kununulia baiskeli hakikupatikana kwa kuuliza baiskeli inayomfaa ni shilingi ngapi. Kilipatikana kwa kuhesabu walimu waliomo kwenye mchezo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua hadi mwisho, nami naliweka hapa kwa sababu bila hilo kisa hakieleweki. Madamu alijifunza baiskeli kijijini, utotoni, kwa Phoenix ya baba yake, ile nyeusi yenye keria pana ya kubebea gunia. Kama watoto wote wa wakati ule, tandiko hakulifikia. Alipitisha mguu chini ya bomba la juu akaendesha amejipinda ubavuni kama kaa. Kwake yeye, baiskeli kumzidi mtu ukubwa lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Siku ya kununua

Ilikuwa siku ya kazi, jioni, akitoka shuleni na sketi yake. Alipita maduka mawili mjini. La kwanza lilikuwa na mitumba ya Japani, akaitazama mara moja na kuondoka: "Zile za kapu mbele? Za kupelekea maandazi?" La pili lilikuwa na mpya, zimepangwa barazani, nailoni bado imezungushiwa mabomba.

Iliyomvuta ilikuwa nyeusi na chungwa. Shokapu mbele na nyuma, breki za diski, gia 21, matairi ya 29. Bei ya kuanzia 750,000. Kijana wa duka alimweleza kila alichokijua, na sina pa kumkamata kwa uongo wa kukusudia. Madamu aliuliza, "Hii ni saizi gani?" Akajibiwa, "Saizi 29, dada, ndiyo inayotoka sasa hivi. 26 imeshapitwa, utaonekana umechukua ya mtoto."

Hiyo 29 ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomgharimu. Madukani kwetu "saizi" ni ya gurudumu: 24, 26, 27.5, 29. Ni kipimo cha ringi na tairi. Kuhusu fremu hakisemi kitu. Saizi ya fremu hupimwa kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu, linapoishia bomba la kushikia tandiko, na mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko kidogo kwenye bomba hilohilo, huku chini: inchi 15, 17, 19, 21, au herufi S, M, L. Mtu wa sentimita 158 hutafuta 15, pengine 16. Hii ilikuwa 19. Kibandiko kilikuwepo. Nilikiona mwenyewe wiki saba baadaye, kimefunikwa nusu na kipande cha nailoni ambacho hakuna aliyekibandua.

Hakuipanda. Barazani palikuwa na watu, naye alikuwa na sketi. Alikaa kwa ubavu juu ya tandiko lililoshushwa hadi mwisho, akashika usukani, akabonyeza breki mara mbili tatu, kijana akasema imekukaa. Akabana bei mpaka 680,000. Ile 20,000 iliyobaki akanunulia pampu.

Kofia ngumu, kufuli, taa: hakuna. Keria aliiulizia. "Hizi za shokapu nyuma hazifungwi keria, dada. Hizi za michezo." Hiyo nayo ilikuwa kweli. Sehemu ya nyuma ya fremu inacheza juu na chini, keria ya kawaida haina pa kukazwa. Kwa hiyo mwalimu anayerudi nyumbani na madaftari ya mikondo miwili aliambiwa waziwazi kwamba baiskeli hii haibebi mzigo, na akalipa. Nilipomuuliza baadaye ilikuwaje, alicheka hadi akafuta macho. "Kaka, nilikuwa nimeshaipenda."

Wiki saba za mwanzo

Wiki ya tatu pedali ya kushoto ilichomoka akiwa anapanda mwinuko.

Hili ni kosa la duka, na si la ajabu. Baiskeli mpya huja ndani ya boksi ikiwa imefungwa nusu. Usukani, gurudumu la mbele, tandiko na pedali humaliziwa dukani na aliyepo siku hiyo. Pedali ya kushoto ina thredi za kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka: pedali zote mbili hukazwa kwa kuzungusha spana kuelekea mbele ya baiskeli. Asiyejua huilazimisha ya kushoto kama anavyokaza nati nyingine yoyote. Pedali ni chuma kigumu, mkono wake (ule unaofungiwa pedali) ni laini, basi pedali inakula thredi za mkono na kukaa humo upande. Inashika wiki mbili, tatu, halafu inatoka. Mkono mpya 25,000, ufundi 5,000. Duka lilisema waranti haihusu pedali. (Nimeshaona baiskeli mpya tatu mjini hapa zenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, iliyofungwa nyuma mbele, na wenye nazo wanazipanda hivyohivyo.)

Halafu fundi wa kijiweni akamfanyia wema. Alipomaliza kuziba pancha alichukua kopo la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki, akaupaka mnyororo, bure. Matone yakaruka kwenye diski ya nyuma. Kesho yake breki ililia kama mbuzi anayeburutwa, na haikukamata. Diski haitaki hata alama ya kidole chenye mafuta, na pedi zake zikishanywa oili hazirudi hali yake. Pedi mpya 20,000, na zilisubiriwa siku tisa zitoke Dar es Salaam, kwa sababu maduka ya vipuri aliyopita Dodoma yalikuwa na raba za breki za kawaida tu. Ile oili ya mnyororo nayo ilinasa vumbi ikawa msasa. Ukizungusha pedali kwa mkono unausikia ukisaga.

Hayo mawili yalimuudhi lakini hayakumzuia kupanda. Kilichomzuia ni mwili. Kwa kukosa keria, madaftari themanini, kama kilo nane hivi, yalikaa mgongoni kwenye begi. Mikono ilinyooka mbele kufuata usukani ulio mbali, uzito wa begi ukashukia kwenye viganja. Akifika shuleni vidole viwili vya mwisho vina ganzi, kipindi cha kwanza chaki inamdondoka.

Uamuzi wa Machi

Katikati ya Machi aliniletea. Niliiona saizi palepale. Nilikuwa na njia mbili: nimwambie auze, au nimsaidie kuirekebisha. Nikachagua ya pili, na sababu zangu wakati ule zilionekana nzuri. Alikuwa bado anatoa laki kila mwezi kwenye mchezo kwa ajili ya wenzake ambao zamu zao hazijafika. Baiskeli ya wiki saba ukiiuza unapoteza theluthi au zaidi. Na ofisi nzima ya walimu ilikuwa imeshaiona. Kuiuza ni kujieleza kwa watu kumi na wanne.

Tena alilalamikia vitu viwili tu, vidole na shingo. Nikavitibu hivyo. Shingo ya usukani (kipande kinachoushika usukani) ya milimita 90 tukaitoa, tukaweka ya 50, shilingi 30,000. Usukani ulionyooka tukaubadilisha kwa uliopinda kurudi nyuma, 35,000. Tandiko jipya 25,000, tukalisogeza mbele mpaka reli zake zikaisha. Jumla 90,000. Ganzi ilipungua ndani ya wiki, nami nikajisikia bingwa.

Mwisho wa mwezi magoti yakaanza. Ukisogeza tandiko mbele sana, goti linapita mbele ya pedali na kubeba kazi ambayo si yake. Kila nilichokigusa kilihamisha kero kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine, kama mtu anayevuta shuka fupi.

Swali ambalo sikuuliza lilikuwa hili: ukisimama chini na baiskeli katikati ya miguu, bomba la juu linakufika wapi? Kwa mwanaume mwenzangu ndilo swali la kwanza, na huulizwa kwa utani. Kwa Madamu niliona haya. Sina maelezo mengine.

Kilichokuwa kimefichwa

Aprili, akitelemka kuelekea korongo, mbuzi wawili walikata njia. Alifunga breki, akateleza mbele kutoka kwenye tandiko ili aweke miguu chini, kama kila mtu anavyofanya. Miguu haikufika. Bomba ndilo lililompokea.

Shuleni alisema ameteguka kifundo. Mimi aliniambia ana mitihani ya kusahihisha. Wiki mbili alipanda bodaboda, na hata aliporudi barabarani aliipanda siku chache, akiwa amechagua njia ambayo hailazimu kusimama ghafla. Mimi niliona tu kwamba haiendi shule kama zamani, nikadhani uvivu umeingia. Sikusema, lakini nilidhani.

Mei na Juni zilikuja na zake. Mvua zikikatika, mbigili hukauka pembeni mwa njia na kutawanya zile mbegu zenye pembe, ambazo hata ziangukeje, mwiba mmoja huangalia juu. Miiba ya migunga ipo mwaka mzima, lakini mbigili ina msimu. Juma moja alipata pancha tano. Mara moja, kituoni, kijana wa kujaza upepo pikipiki aliingiza kompresa kwenye tyubu ya baiskeli kama anajaza tairi la lori. Ilipasuka mita hamsini mbele, watu wakalala chini. Mwisho wa Juni gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Tulipofungua, gololi zilikuwa kavu, hazikuwahi kuona grisi tangu kiwandani, na koni, vile vipande vinavyozibana gololi, zimechimbika. 12,000.

Julai, upepo wa mashariki ukiwa umeanza kumpiga usoni kila asubuhi, alipita nyumbani kwangu kuulizia kitu. Sikuwepo. Mke wangu alimwekea chai. Sijui walizungumza nini chote, ila usiku mke wangu aliniambia sentensi moja huku akikunja nguo: "Hiyo baiskeli ya wifi yangu inamuumiza, na si mikono."

Kesho yake mke wangu ndiye aliyempima Madamu, chumbani, kwa kitabu na utepe wa fundi cherehani. Unasimama peku mgongo ukutani, kitabu kinabanwa katikati ya mapaja hadi juu, halafu unapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Sentimita 72. Mimi nilikuwa nje na baiskeli. Bomba la juu, pale mtu anaposimama, sentimita 79.

Saba. Na kiatu chake cha kazi kina soli ya sentimita mbili na nusu.

Hesabu ya Julai

Tulifungua daftari. Februari hadi Julai, siku za shule zilikuwa zaidi ya mia. Baiskeli ilikwenda shule siku 41. Nauli aliyookoa: 213,200. Matengenezo, ukijumlisha na pancha 31 za shilingi elfu moja moja: 183,000. Faida ya nusu mwaka ilikuwa 30,200, kabla hujagusa ile 680,000.

Katika zile 183,000, zangu ni 90,000. Kama Machi ningemwambia auze, pedi za breki na pedali angekuwa ameshazilipia, lakini hayo mengine na ile ajali ya korongoni vingempita.

Safari hii uamuzi ulichukua dakika kumi. Agosti iliuzwa kwa 350,000 kwa kijana anayefanya kazi za ujenzi, mrefu, mita 1.83. Aliipanda, akaizungusha mara moja uwanjani, akahesabu fedha. Ilimkaa kama iliyoshonwa.

Baiskeli ya pili

Alirudi kwenye mitumba ile aliyoipita Januari. Alikuja na suruali, utepe na mke wangu. Pale nyuma ya zile za kapu kulikuwa na za gia kadhaa. Walizipima saba; tano zilikuwa kubwa, moja fremu imechomelewa shingoni, moja ikabaki. Fremu inchi 15, bomba limeinamia nyuma, kimo chake pa kusimama sentimita 68. Matairi ya 26. Haina shokapu hata moja. Breki za raba. Rangi imepauka, na kwenye fremu kuna stika ya shule kwa maandishi ya Kijapani.

Aliizungusha mtaani mara tatu. Mara ya tatu alifunga breki ghafla kwa makusudi na kusimama.

Bei 260,000. Waya za breki, mnyororo na grisi kwenye magurudumu yote mawili 70,000. Keria 25,000, kofia ngumu 45,000. Jumla laki nne kamili. Aliongeza elfu hamsini juu ya fedha za mauzo. Lile tandiko la 25,000 tulikuwa tumelichomoa kabla ya kuuza, tukahamia nalo. Kwa mbigili tulitumia dawa ya zamani: tyubu kuukuu, kata valvu, ipasue kwa urefu, itandaze ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Inaongeza uzito kidogo na hakuna anayeuza, kwa hiyo hakuna anayeisifia.

Septemba hadi Novemba alikwenda nayo shule siku 52. Pancha nne. Nauli iliyookolewa 270,400, ndani ya miezi mitatu.

Uchambuzi: kilichokwama na kilichofaa

Ukimuuliza Madamu leo atakwambia alikosea kununua ya bei kubwa yenye mbwembwe. Sikubaliani naye. Shokapu ya nyuma ya bei ile kweli ni mzigo: springi ilikuwa ngumu kiasi kwamba kilo 56 hazikuishusha hata kidogo, hivyo alibeba uzito wake kila siku bila kupata ulaini wake. Breki za diski mahali pasipo na pedi ni shida. Gia 21 alitumia nne au tano. Lakini hayo yote yana dawa. Mnyororo unabadilishwa, breki zinabadilishwa, ringi, usukani, tandiko, hata foku. Kitu kimoja tu ukishanunua umenunua, nacho ni fremu, na ndicho kitu pekee ambacho siku ile barazani hakuna aliyekitazama, si muuzaji wala mnunuzi. Mimi Machi nilikitazama, nikakiona, halafu nikatumia elfu tisini za mtu mwingine kukikwepa.

Kwa nini hakugundua mwenyewe? Nilijiuliza sana, maana si mtu wa kudanganyika. Jibu liko kwenye ile Phoenix. Mtu aliyejifunza akining'inia ubavuni mwa baiskeli ya baba yake hashangai baiskeli ikimzidi. Anaona ni juu yake kuizoea. Wengi wetu wa umri huo tumebeba kipimo hicho hadi leo, na muuzaji anayesema "ndogo ni ya mtoto" anakigusa palepale.

Sketi nayo ina sehemu yake kubwa kuliko inavyoonekana. Mwanamke anayetoka kazini hawezi kuipanda baiskeli barazani mbele ya watu, kwa hiyo ananunua kwa macho. Halafu inapomuumiza hawezi kumwambia fundi inapomuuma, kwa sababu mafundi ni wanaume na pahali penyewe ndipo hapo. Nimeshawashauri watu wengi kuhusu baiskeli, na nikihesabu wanawake waliowahi kuniambia kwa vinywa vyao kwamba bomba liko juu, sipati hata mmoja. Wote walisema mikono, shingo, mgongo. Sasa swali hilo analiuliza mke wangu, na utepe unakaa kwake.

Fedha ya mkupuo ilimharakisha. Laki saba zikiwa mkononi, duka lilikuwa na kila sababu ya kuzichukua zote, na lilikaribia. Angezigawa kabla ya kutoka nyumbani, akaweka pembeni ya kofia, keria na matengenezo ya mwanzo, asingefika kwenye rafu ile ya nyeusi na chungwa. Kuhusu ufungaji wa duka, ushauri wangu ni mfupi: siku ya kwanza peleka baiskeli mpya kwa fundi unayemwamini, afungue magurudumu, aangalie grisi, atoe pedali na kuzirudisha mbele yako. Ni kazi ya saa moja.

Kilichofaa? Daftari. Bila lile daftari tungekuwa bado tunabishana kama ni uvivu au ni baiskeli. Namba 41 ndiyo iliyokata shauri. Hesabu yake ya nauli ya Januari nayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na baiskeli ya pili imeithibitisha. Na alipoamua kuuza aliuza haraka, kwa bei aliyoipata, bila kusubiri mtu wa kumrudishia laki sita.

Lile la kujieleza kwa walimu kumi na wanne, lililotutisha wote Machi, lilikwisha kwa siku moja. Mwalimu wa fizikia aliuliza ile nyingine iko wapi, akaambiwa imeuzwa, akaomba aipande hii mpaka getini na kurudi.

Ile ya kwanza naiona mara kwa mara asubuhi, inapanda kuelekea kwenye majengo mapya, yule kijana ameketi wima na sururu ameifunga kwenye bomba la juu. Shokapu ya nyuma ilimshinda. Ameitoa, na pahali pake fundi amechomelea kipande cha nondo ya milimita kumi na mbili. Nyuma amefunga keria.